Kijivu si Rangi Moja

Dada yangu Mize Faki hachori minazi.
Ukimwomba mnazi atakuuliza: wa nini?
Anachora maweni, huku kwetu Micheweni,
ardhi ilikoota meno
na kandambili mpya haimalizi mwezi.

Turubai lake ni gunia la unga wa ngano,
limefuliwa mara tatu, likapakwa chokaa na gundi,
na bado, ukiliinua juani,
"kilo hamsini" inasomeka chini ya mbingu.

"Kijivu si rangi moja," huniambia.
Kuna cha jiwe lililolala na chumvi,
kuna cha jiwe lililonyeshewa jana,
kuna cha tumbo la mwamba, chini kabisa,
bahari inakoguguna, inakoguguna,
kama panya asiye na haraka na mkeka wa watu.
Hicho cha mwisho hajakipata.
Kachanganya masizi ya sufuria, jivu la makumbi,
hata maji alimochemshiwa pweza.
Hajakipata.

Mimi kazi yangu nyundo.
Navunja kokoto, kwa ndoo, kwa gari.
Tumbo moja lilituzaa:
mmoja analitazama jabali kutwa,
mwingine analipunguza.

Palikuwa na genge tukiliita Kibiongo.
Lilitoka nchi kavu likainama juu ya maji
kama mtu aliyeangusha sindano.
Mize alilichora miaka miwili.
Alfajiri, likiwa jekundu kama udongo wa vilima vya Konde.
Siku za kusi, limelowa, limenuna.
Na usiku mmoja kwa tochi, mimi nikimmulikia,
mbu wananila, naye ananambia:
Tulia, kivuli kinacheza.

Akazipeleka picha Unguja kwa meli,
zimefungwa kwa kanga mbili za mama.
Mwenye duka, pale Mkunazini, akazipanga ukutani,
akarudi nyuma, akakuna ndevu.
"Kazi nzuri, binti. Lakini mawe matupu!
Tia mnazi hapa. Tia ngalawa.
Mgeni apate pa kutuliza jicho."
Mize akaanza kuzikunja.
"Jiwe halibebi jicho?" akasema.
"Na nyumba yako hii imebebwa na nini?"

Mwaka uliofuata barabara ikataka kokoto.
Nitasema mwenyewe, maana hakuna wa kunisemea:
Kibiongo nimelivunja mimi.
Si peke yangu, tulikuwa watu tisa,
lakini pigo la shingoni lilikuwa langu.
Liligutia kama mtungi. Ndani lilikuwa jeupe,
jeupe la kuumiza macho, na makome yamelala humo
tangu kabla ya jina lolote.
Nikapata bati kumi na mbili za nyumba ya mama.
Chini ya bati hizo Mize huanika picha zake.

Siku sita hakunisemesha.
Ya saba akaja na gunia lake na kigoda,
akakaa ukingoni mwa shimo.
Nikadhani kaja kulia.
Akafungua makopo.

Alichora shimo.
Alilichora vile vile, pole pole,
kana kwamba nalo lina jina la utotoni.
Adhuhuri akaniita:
"Njoo usimame hapo na nyundo yako. Usijifute."
Nikasimama. Vumbi mikononi, vumbi kwenye nyusi,
jasho limelichimbia mifereji.
Akanitazama kama alivyokuwa akilitazama genge,
bila huruma, bila chuki, kakunja jicho moja.
Kisha akanyosha kidole, akanigusa shavuni,
akakipeleka kidole kwenye turubai,
akacheka peke yake.

"Ndicho hiki."

Hajaniambia kama amenisamehe, nami sijauliza.
Picha ipo kwa mama, ukuta wa kibla,
bati la saba linavuja karibu yake.
Ukienda, tazama pembeni, chini kabisa:
kile kijivu ni changu.